Karatasi ya Sigara kwenye Gari la Mjomba Yona

Mwanangu Foibe,

Barua nyingi huanza kwa kuuliza afya. Mimi sina haja, maana nakusikia chumba cha pili ukibishana na mama yako juu ya sanduku lisilofungika, na mgonjwa habishani kwa sauti hiyo. Nimekaa hapa sebuleni na daftari lako la zamani la hesabu, lile lililobaki na kurasa nyingi tupu kwa sababu hesabu hukuzipenda mpaka zilipoingia kwenye waya. Jua bado lipo. Nimewaambia naandika orodha ya vipuri, nanyi mmeniamini.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi unapanda basi kwenda Morogoro kuanza chuo cha ufundi. Mambo ya kufua, kula, kusali na kujihadhari na wavulana wenye pikipiki mama yako ameshayasema mara tatu, na mara ya tatu nilimsikia akiongeza habari za soksi. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu la kukwambia, nalo nimelikalia miaka kumi na moja.

Unakwenda kuishi kwa mjomba wako Yona. Tangu uko darasa la kwanza umekuwa ukiniuliza kwa nini mjomba haji kwetu. Haji Krismasi. Hata bibi yako alipofariki alikuja, akazika, akaondoka jioni ile ile bila kukanyaga nyumba hii. Nami kila mara nimekujibu, "Mjomba wako ana shughuli nyingi." Nilikudanganya. Mjomba wako haji kwa sababu yangu. Alifukuzwa kazi kwa kosa nililofanya mimi, nami nilikuwepo pale pale, nikamwacha afukuzwe. Kesho utakula chakula chake, na sitaki ukile ukiwa hujui.

Nirudi nyuma kidogo, la sivyo hutaelewa jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kufanya upumbavu na kujisifu juu yake. Wewe umekulia kwenye maduka yaliyojaa. Ukitaka fyuzi unakwenda kaunta, unachagua na rangi. Nilipoanza ufundi mimi, sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na fyuzi hata foleni yake haikuwepo. Fyuzi ikiungua, fundi alichukua ile karatasi ya kung'aa iliyo ndani ya pakiti ya sigara, akaizungushia fyuzi iliyokufa, akairudisha mahali pake, na gari likaondoka. Unajua sivuti sigara, lakini siku hizo mfukoni sikukosa pakiti tupu. Watu walitoka Kondoa na Mpwapwa kuja hapa Miyuji kumtafuta fundi wa karatasi. Nilikuwa kijana bado, tayari nina jina, na nilitembea kifua mbele mpaka mama yako akawa ananiuliza kama shati limenibana.

Mama yako mwenyewe nilimpata kwa msaada wa Yona. Nilipokwenda Ihumwa kuposa, wazee walitaka ng'ombe, na mimi nilikuwa na bisibisi. Babu yako aliniangalia mikono yangu yenye oili kama mtu anayeangalia kuku mgonjwa. Yona alikuwa kaka mkubwa, ndiyo kwanza ameanza udereva, na neno lake lilisikilizwa. Alisimama akasema, "Baba, mpokeeni. Ng'ombe anaweza kuleta kidogo kidogo. Huyu ana kazi mkononi, dada yangu hatalala njaa." Nilileta ng'ombe kidogo kidogo kweli. Wa mwisho ulimwona mwenyewe, ulikuwa na miaka mitatu na ukamkimbia.

Ninapoandika hivi namkumbuka Yona wa siku zile na moyo unaniuma. Alikuwa dereva wa mradi mmoja wa mifugo, na hakuna mtu Dodoma nzima aliyelipenda gari la kazi namna ile. Mashati yake ya kaki yalipigwa pasi hata mikono. Akitoka safari Jumamosi alipitia kwetu kabla ya kulirudisha gari, akapiga honi mara mbili pale barabarani, akateremka na vumbi mpaka kwenye nyusi, akatuamkia kwa Kigogo. "Mbukwa, shemeji! Ugali upo?" Ulikuwa unatoka mbio bila viatu. Alikupakata kwenye usukani ukapiga honi mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi. Sijui kama unakumbuka. Labda unakumbuka ile harufu ya gari, vumbi na ngozi za ng'ombe na dawa ya josho. Mimi nikiisikia hadi leo kwenye gari la mtu, kwa muda kidogo nafurahi, halafu nakumbuka.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yakajaa ghafla, mpaka watu wakawa wanaingia kuangalia tu. Magari yaliyotumika yakaanza kufika kutoka Ujapani, na kila moja lilikuwa na kile kitundu cha kuwashia sigara kwenye dashibodi. Watu wetu hawakuwa na haja ya sigara. Walitaka kuchomeka vitu. Kila wiki nilifunga soketi kwenye lori au pikapu ambayo haikuwa nayo, kwa ajili ya redio, feni, taa ya kuwinda sungura. Mchungaji mmoja aliniuliza kama anaweza kuchomeka pasi. Nilimwambia anaweza, ila betri itakwisha kabla hajamaliza kola.

Mradi wa Yona nao ukapata friji dogo la kukaa kati ya viti, la kubebea chanjo ya ng'ombe, nalo lilichomekwa kwenye soketi ya gari. Tatizo likawa fyuzi ya ile soketi. Iliungua, wakabadilisha, ikaungua tena. Mafundi wa karakana ya mradi walishindwa. Yona akamwambia meneja wake, "Lipelekeni gari kwa shemeji yangu Miyuji. Akishindwa yeye, basi." Alinidhamini mara ya pili, unaona.

Alilileta Jumamosi, na vijana wawili wa ofisini wamekaa nyuma. Nakumbuka maneno yetu yote.

"Shemeji," alisema, "hapa mjini haiungui. Nimekwenda Chimwaga nimerudi, haikuungua. Nikishaingia kwenye makorongo huko vijijini, pap, imekwenda."

"Ni friji hilo," nikamjibu. "Likianza kuvuta linavuta umeme mwingi."

"Mbona hapa nimeliwasha mara tatu, limevuta, na fyuzi nzima?"

"Shemeji, wewe endesha. Umeme niachie mimi."

Basi. Mtu alikuwa ameniambia ugonjwa wote na mahali ulipo, kwa maneno ya kawaida kabisa, nami nikamfunga mdomo kwa sababu hakuwa fundi. Nikachukua taa ya kupimia, nikabana waya wake kwenye bodi la gari, nikagusa katikati ya soketi. Ikawaka vizuri. Nikapima upande wa pili, safi. Nikaziangalia nyaya kwa macho mpaka pale macho yanapofika. Waya wa soketi ulipita nyuma ya dashibodi, ukaingia kwenye tundu la bati kuelekea kwenye boksi la fyuzi, na kuufuata huko kulitaka nifungue vitu vingi na nilale chali saa nzima. Sikuufuata.

Kama ningeufuata ningekuta kwamba kile kimpira kinachozuia waya usiguse bati kilikauka zamani na kudondoka. Waya ulikuwa umelala juu ya ukingo wa bati, na ganda lake limelika. Kwenye lami ulitulia. Kwenye makorongo ulichezacheza, shaba ikagusa bati, shoti, na fyuzi ikaungua kama inavyotakiwa. Fyuzi ile haikuwa na kosa lolote, ilikuwa inafanya kazi yake.

Sasa lile linalonitia aibu kuliko yote. Fyuzi mpya nilikuwa nazo. Zilikuwa kwenye kopo la maziwa juu ya meza yangu, hatua nne kutoka pale, za kila namna, maana ruksa ilikuwa imeshazileta. Sikukunja karatasi kwa kukosa fyuzi. Mmoja wa wale vijana wa ofisini alisema, "Fundi, tumesikia habari zako. Hebu tuonyeshe ile ya karatasi." Na mimi nikafurahi, Foibe. Nikatoa pakiti mfukoni, nikachana karatasi nikiwa nimeinyanyua juu ili waione, na badala ya kuizungusha mara moja nikaizungusha mara nne.

"Hii haitaungua tena," nikasema.

Wakacheka, wakapiga makofi. Yona naye alicheka, alikuwa anajivuna kwa ajili yangu. Na kweli haikuungua tena, kwa hiyo ukaungua waya.

Ilikuwa Jumanne iliyofuata. Walikuwa kwenye makorongo, karibu kufika kijiji kimoja ambako wafugaji walikuwa wameswaga ng'ombe mpaka kwenye josho tangu alfajiri, wengine wametembea tangu jana yake. Moshi ukatoka kwenye dashibodi. Yona alisimamisha gari, akafungua boneti, hakungoja spana, akaung'oa waya wa betri kwa mkono wake mtupu. Kiganja cha kulia kikaungua. Gari lilipona kwa sababu yake, lingeteketea lote na waliokuwemo. Lakini friji lilikaa juani bila umeme mpaka jioni, na chanjo yote ikaharibika. Wafugaji walirudisha ng'ombe wao vile vile walivyokuja nao. Kuna wazee wa kule ambao hawakuuamini tena ule mradi, na siwezi kuwalaumu.

Gari likavutwa mpaka mjini, na aliyeitwa kulikagua ni mimi, bingwa. Niliinama chini ya dashibodi. Karatasi yangu ilikuwepo pale pale kwenye boksi la fyuzi, imekuwa nyeusi upande mmoja. Safari hii niliufuata waya mpaka kwenye tundu, na kwa dakika moja nikaelewa kila kitu. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Fundi, dereva tumemkuta na redio yake ndogo ya kuchomeka. Je, inawezekana redio hiyo ndiyo iliyoleta shoti?"

Redio yenyewe ilikuwa inaenea kiganjani. Isingeweza kuuchoma waya ule hata ingechomekwa mwaka mzima, na nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Karatasi nilikuwa nimeshaichomoa, imo ndani ya ngumi yangu. Nikasema, "Inawezekana, bosi."

Yona alikuwa mlangoni, mkono umefungwa bendeji. Hakujua habari za nyaya, lakini Jumamosi ile aliiona karatasi ikiingia kwa macho yake, na sasa alikuwa anaona ngumi yangu. Alijua. Angeweza kusema, "Mfungueni mkono huyo." Wale vijana wawili nao wangekumbuka. Nilingoja aseme. Alinitazama, kisha akamtazama meneja, akasema, "Sawa." Akaweka funguo za gari mezani na kutoka. Karakana yangu wakati ule ilikuwa inategemea magari ya mradi ule, na Yona alilijua hilo pia. Alinyamaza kwa ajili yako na mama yako, mpate kula.

Barua ya kumfukuza iliandikwa kwamba alitumia gari la kazi kwa mambo yake. Dereva mwenye barua ya namna hiyo hapati usukani mwingine. Alizunguka Dodoma miezi kadhaa, halafu akahamia Morogoro, akaanza kutengeneza baiskeli karibu na soko. Yule mtu aliyepiga pasi hata mikono ya shati anaziba pancha kwa wembe na gundi, Foibe. Nimewahi kumwona mara moja kwa mbali, nilipokwenda kununua vipuri. Kile kiganja hakifungi vizuri. Nilibadilisha njia.

Tangu siku ile sijakunja karatasi tena. Umekua ukiniona nikiwafokea mafundi wenzangu wakijaribu, nikiwapokonya na kuwatupia fyuzi mpya kifuani. Wakanipa sifa nyingine, fundi mwaminifu. Ukiwa darasa la sita ulimwambia mwalimu wako, "Baba yangu hapendi ujanja ujanja." Nilikuwa mlangoni nimekuja kukuchukua. Wewe ulidhani sikusikia. Nilisikia, na usiku huo sikumaliza chakula changu, mama yako akadhani nina malaria akanipa vidonge. Nikavimeza.

Walimu utawapata huko, wenye vyeti na suruali safi, sitaki kuwaingilia. Ila hili moja lichukue kutoka kwangu kwa sababu nimelilipia, au tuseme Yona amelilipia. Fyuzi ikiungua mara moja, badilisha. Ikiungua mara ya pili, iache, kaa na mwenye gari, umwulize alikuwa wapi na alikuwa anafanya nini, na umwache amalize kusema hata kama anaanzia kwenye habari za babu yake. Halafu ufuate waya mpaka mwisho wake.

Lakini hilo unalijua tayari, na nadhani ndilo lililonifanya niandike. Likizo iliyopita yule bwana wa mahindi alileta pikapu kwa sababu simu yake ya mkononi haichaji vizuri garini. Mimi nilikuwa nimeshashika taa ya kupimia. Wewe ulifuta mikono, ukamwamkia, ukamwuliza, "Inakata ukiwa unafanya nini?" Akafikiri, akasema, "Nikikata kona ya kushoto." Ukaingia chini ya dashibodi, na kabla chai haijapoa ulikuwa umeukuta waya uliolegea nyuma ya soketi. Nilikwambia nakwenda kunywa maji. Sikwenda kunywa maji. Nilisimama nyuma ya karakana nikilia, mtu mzima na mvi zangu. Swali lile lile Yona alikuwa amenijibu bila hata kuulizwa.

Ulipopata chuo, bweni likawa limejaa, na mama yako bila kuniuliza akamwandikia kaka yake. Majibu yalikuja kwenye kipande cha karatasi ya daftari: "Mleteni mtoto. Kitanda kipo. Aje na mlenda." Habari zangu hakuna, hata salamu. Niliisoma mara nyingi. Mtu niliyemnyang'anya kazi hakutoa masharti, ameomba mboga ya mlenda tu.

Leo mchana nilimweleza mama yako. Alikuwa anaufunga huo mlenda kwenye kitambaa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso. Kisha akasema, "Miaka yote hii nimemlaumu kaka yangu kwamba ana kiburi." Nikaanza kumweleza jinsi nilivyojuta. Akanikatiza. "Mimi usinieleze. Nenda kamweleze mwenye mkono ulioungua." Akaendelea kufunga. Ukiona kesho asubuhi hanisemeshi, ujue sababu, na usijaribu kutupatanisha. Ana haki yake.

Nilipoanza ukurasa wa kwanza, mpango wangu ulikuwa kumalizia kwa kukuomba umsomee mjomba wako barua hii baada ya chakula, kwa kuwa macho yake siku hizi ni mabovu. Nilishayapanga na maneno: umsomee taratibu, umwambie baba anaomba msamaha. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Sasa nimefika hapa na naona vizuri ninachotaka kufanya. Mara ya kwanza nilimwachia Yona abebe kosa langu. Sasa nataka ubebe wewe, siku yako ya kwanza ugenini, sanduku mkono mmoja na mlenda mkono mwingine. Hapana.

Nitapanda basi pamoja nawe. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uisome kabla ya chai, ili usije ukayasikia haya kwa mara ya kwanza mlangoni kwa watu. Kama baada ya kuisoma hutaki kukaa kiti kimoja nami, sema tu, nitakaa nyuma na mizigo, sitakuuliza kitu njia nzima. Inawezekana akatufungia mlango. Hapo nitakuwa nimekukosesha kitanda ulichokuwa umeshapewa, na nakuomba radhi kabla halijatokea. Tutatafuta chumba, sitarudi Dodoma mpaka nikuone umelala mahali pazuri. Naogopa, mwanangu. Nimeingia chini ya magari yaliyoning'inia kwa jeki mbovu na sikuogopa hivi.

Mnaniita kula. Nakuja.

Kesho tukifika, hodi piga wewe, kwa sababu anayengojewa ni wewe. Akifungua mwamkie mjomba wako, umpe mlenda wake, kisha unipishe mlangoni.

Baba yako